Shajara ya "Cheua": filamu fupi ya denti aliyewekewa tumbo la mbuzi

Kundi letu ni la watu wachache, kamera ni ya kuazima na mji ni Dar es Salaam. Tunaandika hapa kila hatua inapokamilika, ili mwenye hamu ya kutengeneza filamu ya kutisha na kuchekesha kwa hela ya mfukoni ajue nini kinakubali, nini kinagoma na kinagharimu kiasi gani. Mambo ya kawaida tunayapitia haraka.

14 Januari 2024: Skripti imefungwa

Chande ni denti wa chuo, mwaka wa pili. Boom, yaani hela ya mkopo wa masomo, halijatoka, mama ntilie amemfungia daftari la mikopo, na wenzake wa chumba wameanza kuficha mkate. Kwenye nguzo ya umeme, kati ya tangazo la mganga na la chumba cha kupanga, anaona karatasi: anatafutwa kijana mwenye afya, ataondokana na tatizo la chakula maisha yake yote. Dokta Kijogoo anampasua na kumwekea tumbo la mbuzi. Chande anaamka na anaweza kula majani.

Wiki ya kwanza ni raha tupu. Anakula ukoka wa uwanja wa mpira, anakula ua wa michongoma wa mwenye hosteli, anatunza hela. Halafu anaanza kula karatasi. Anaanza na zake, anahamia notisi za wenzake, halafu vyeti. Pembe zinaota usiku wa kuamkia mtihani.

Waliosoma rasimu ya kwanza walisema Dokta Kijogoo hawezekani, kwamba hakuna daktari wa namna hiyo. Yupo. Marekani, kwenye kijiji cha Milford, Kansas, kuanzia mwaka 1918 kulikuwa na John R. Brinkley aliyekuwa anawapandikizia wanaume korodani za mbuzi, dola 750 kwa kichwa, akiwaahidi nguvu za kiume. Alikuwa na kituo chake cha redio, KFKB, anajitangaza humo na kutibu wasikilizaji hewani. Mwaka 1930 alinyang'anywa leseni ya udaktari, na mwaka huohuo akagombea ugavana wa Kansas. Wakati huo huko Paris, Serge Voronoff alikuwa anawashonea matajiri vipande vya korodani za nyani. Kwa hiyo Dokta Kijogoo wetu ni mpole ukilinganisha. Tumemwongezea kipindi cha redio na kibwagizo chake, basi.

Kanuni moja tumeiandika juu ya kila ukurasa wa skripti: hakuna anayejua kwamba yuko kwenye kichekesho. Daktari anapasua kwa dhati, Chande ana njaa ya kweli. Anayetaka kuchekesha kwa kurembua macho akaigize kwingine.

4 Februari 2024: Damu

Hapa ndipo hela ilipoanza kuvuja. Jaribio la rozela: kwa macho ni nyekundu safi, kwenye kamera chini ya taa nyeupe za LED inakuwa zambarau, na kwenye shuka inakauka rangi ya chai. Jaribio la tomato: kila aliyetazama alitaja chipsi. Haifai hata kwa tone moja.

Tukarudi kwenye njia ya zamani ya sukari iliyochemshwa na rangi ya chakula. Rangi ilikaa vizuri baada ya kutia kakao kidogo sana ili kuua ule wekundu wa pipi. Tatizo ni kwamba damu ikishapoa usiku mmoja inaganda chembechembe, na asubuhi jeraha la Chande lilikuwa linang'aa kama limenyunyiziwa chumvi. Tukapunguza moto, tukaongeza maji, hali ikabaki ileile.

Dawa ilitoka kwa mama mmoja anayeuza kaimati karibu na kambi yetu. Alichota kwa kijiko, akainua, akaangalia inavyodondoka.

"Hii mmepika shira ya visheti, wanangu. Ya visheti lazima igande, ndiyo ishike. Nyinyi mnataka ya kaimati. Kamulieni ndimu ikiwa jikoni, na msikoroge ikishachemka."

Ndimu moja kwa kilo ya sukari. Damu ya sufuria lile imekaa kwenye chupa hadi leo, haijaganda. Kama unafuata shajara hii kwa jambo moja tu, fuata hilo.

Sisimizi wakaja. Kwa damu ya nguo na sakafu tunatia sabuni ya maji ya vyombo matone kadhaa. Inapunguza sisimizi na inasaidia doa kutoka kwenye kufua. Damu ya mdomoni haina sabuni, na ina chupa yake yenye utepe wa njano. Msichanganye chupa.

Gharama: sukari kilo 6 kwa 4,500, yaani 27,000, maana mwezi huu sukari imeadimika na bei elekezi imebaki kwenye karatasi. Rangi, kakao na ndimu 8,000. Muuza duka ametuuliza mara mbili kama tunapika gongo.

10 Machi 2024: Chumba cha upasuaji

Zahanati binafsi iliyokuwa imetukubalia ilighairi siku mbili kabla, baada ya mtu kuwaambia filamu inahusu daktari tapeli. Tukajenga chumba wenyewe ndani ya gereji: kitambaa cha kijani kuta tatu, meza ya kupigia pasi kama kitanda, sinia za bati, stendi ya dripu iliyotengenezwa kwa bomba la pazia.

Kilichotusumbua ni taa ile kubwa ya juu, maana bila hiyo chumba kinaonekana duka la nguo. Tulinunua dishi bovu la king'amuzi kwa fundi, 5,000, tukalipaka rangi nyeupe kwa ndani na kufunga balbu sita za LED za volti 12, kila moja 4,000. Ikininginizwa juu ya meza, ukakaa chini yake na kutazama juu, unapata hofu ya kweli. Mwigizaji wa Chande alilala pale akaomba tuzime kwanza.

Kwa nini volti 12? Mgao wa umeme. Mwezi uliopita mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, umeanza kuzalisha na hali imeanza kupungua makali, lakini wakati tunapanga ratiba umeme ulikuwa unakatika bila adabu. Jenereta tulilijaribu. Hata likiwa nyuma ya ukuta, mvumo wake unaingia kwenye maiki na hautoki. Betri ya gari ya kukodi, 30,000, iliendesha dishi zima jioni nzima kimyakimya.

Onyo kwa wanaotumia balbu za umeme wa kawaida: zipo zinazopepesa, na picha inatoka na michirizi inayopanda. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Michirizi ikibaki, badilisha balbu.

17 Machi 2024: Makovu, na Ramadhani

Mpango wa awali wa kovu la tumbo ulikuwa jelatini na gliserini, kama wanavyofanya wengi mtandaoni. Dada wa mekapu alisoma kila pakiti hadi akapata ya ng'ombe, maana mwigizaji wetu hakubali nyingine na yuko sahihi. Likatoka kovu zuri kupita kiasi. Nyuzi nyeusi zimepita, kingo zimevimba, ungeapa ni nyama. Tukamlaza chini ya dishi, gereji ya bati, Machi ya Dar. Kovu lilianza kung'aa, kisha likalegea, kisha likateremka taratibu kuelekea ubavuni likiwa na nyuzi zake zote, huku Dokta Kijogoo anaendelea na mazungumzo yake kwa heshima. Jelatini inayeyuka kwenye joto la mwili wenye jasho, na hata barafu haikuokoa. Hasara 40,000.

Kilichofaulu ni gundi ya kope za bandia, ile yenye mpira ndani, ipo kila duka la vipodozi. Paka gundi, laza karatasi laini ya chooni iliyochanwa kingo, paka tena, acha ikauke, rudia mpaka unene unaotaka. Kwa kovu lililotuna weka uzi wa pamba katikati. Halafu pasua kwa kibano, jaza damu ya kaimati. Linastahimili jasho. Kabla ya yote jaribu gundi nyuma ya mkono na usubiri siku nzima, kwa sababu kuna ngozi zinazokataa mpira. Msaidizi wetu mmoja alivimba, tukamwondoa kwenye mekapu. Gundi, pamba na karatasi 24,000.

Ratiba nayo imevunjika kwa sababu ya mwezi mtukufu. Chande anakula karibu kila sini, na anayemwigiza amefunga. Tumehamishia sini zote za kula usiku baada ya tarawehe, na hapo zimekuwa bora, maana mtu anayetafuna majani gizani bwenini anatisha kuliko anayetafuna mchana. Sini ya uwanja wa mpira inangoja Idi.

14 Aprili 2024: Meno, taya, pembe

Mbuzi hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mgumu tu, na hicho ndicho kitu cha kwanza tulichotaka kibadilike kwa Chande, kabla ya pembe, kwa sababu tabasamu lisilo na meno ya juu kwa kijana wa miaka ishirini na mbili linakera namna ya ajabu. Bigijii ya pinki, ikitafunwa mpaka sukari iishe, ikabandikwa juu ya meno yaliyokaushwa kwa karatasi, inakaa kwa sini moja fupi. Mate yakija inadondoka. Moja ilidondoka katikati ya neno "profesa" na tumeiacha kwenye filamu.

Taya lilichukua muda zaidi. Mtu anatafuna juu na chini, mbuzi anazungusha taya la chini kwa pembeni, anasimama kidogo, anameza, na baada ya punje ya muda unaona tonge linapanda shingoni tena. Mwigizaji alikwenda mnada wa Pugu akakaa na mbuzi akiwatazama mpaka wachungaji wakamuuliza anatafuta nini. Aliporudi hatukuhitaji mekapu kwa sini ya mhadhara. Yuko safu ya tatu, profesa anaeleza, na yeye anacheua tu, macho mbali, amani imemjaa. Ndiyo sini inayotisha kuliko zote na haina hata tone la damu.

Pembe ni za kweli, jozi tatu, 6,000 kwa muuza supu. Zikiwa na mfupa ndani ni nzito na zinavuta kichwa nyuma. Zichemshe kwa moto wa wastani mpaka gamba lilegee, kisha uzungushe na kuvuta, mfupa utabaki na gamba litatoka tupu, jepesi kama kikombe cha plastiki. Fanyeni nje. Harufu iliingia kwenye mapazia ya jirani na tulipeleka maandazi kuomba radhi. Magamba yakauke juani, yasuguliwe kwa msasa, yatiwe siki ndani. Tumeyashonea kwenye mkanda wa kichwa uliofichwa chini ya nywele.

5 Mei 2024: Mvua, utumbo, mbuzi

Mvua za mwezi wa nne zilikula siku zetu nyingi za kupiga picha nje, na jana ndiyo kabisa: Kimbunga Hidaya kilikuwa kinatangazwa kwa siku kadhaa, boti za Zanzibar zimesimamishwa, tukaahirisha. Uwanja wa mpira sasa ni bwawa. Sini ya ukoka tumeihamishia kwenye kibustani cha mbele ya ofisi ya utawala, ambako kwa kweli ndiko ilipostahili kuwa. Chuo tulichoomba kilikataa, kwa hiyo "utawala" ni nyumba ya kupanga yenye bendera na kibao.

Utumbo wa upasuaji: vile vipande vya utumbo viitwavyo taulo na kitabu, 20,000, umeoshwa, umepitishwa kwenye chumvi na siki, umegandishwa. Unatoka kwenye friza pale tu kamera iko tayari. Ukichelewa, taa za dishi zitakukumbusha. Baada ya hapo hakuna aliyekula, tulifukia.

Mbuzi mmoja anahitajika, yule mtoa tumbo, anayesimama mlangoni akimtazama Chande anapoamka. Tulikodi mmoja. Alilia tangu gereji ilipofungwa mpaka ilipofunguliwa, akijitupa mlangoni, na hakuna jani lililomtuliza. Mwenye mbuzi akatuambia kwa huruma kwamba mbuzi ni kiumbe wa kundi, peke yake anadhani amekwisha. Tukarudi kuleta wa pili, tukamfunga nje ya fremu. Kimya papo hapo, na wa kwanza akasimama mlangoni kama mkaguzi wa elimu. Wawili kwa 60,000, kirikuu (gari dogo la mizigo) kwenda na kurudi 40,000. Panga mbuzi wawili tangu mwanzo.

19 Mei 2024: Sauti, na bahari kukatika

Maiki ya kamera haitoshi kwa kazi hii. Sauti zote za tumbo tumezitengeneza upya chumbani, magodoro yakiwa ukutani. Kupasua: mkono ndani ya bakuli la mlenda uliopikwa mzito, unapeleka vidole na kuvitoa polepole. Kuvunja mbavu: muwa. Kutafuna karatasi: muhogo mbichi na gazeti kavu kwa wakati mmoja. Tumbo kunguruma: chupa ya lita tano yenye maji nusu, imelazwa kifuani pa fundi sauti na kugeuzwa. Mlenda peke yake umetusaidia kuliko programu yoyote tuliyowahi kupakua.

Muziki unatungwa na rafiki yetu aliyeko Nairobi. Tarehe 12, wakati faili la filamu nzima linapanda kwenda kwake, intaneti ilikatika. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimeharibika, na nchi yetu iliumia kuliko nyingi. Bando lipo, mnara upo, hakuna kinachotembea, na upande wa Nairobi nao ulikuwa unasuasua. Hatukungoja. Tulitoa nakala ndogo ya picha yenye saa ikionekana juu, tukaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi ikapanda basi la Nairobi na abiria tunayemfahamu. Yeye anatunga kwa kufuata saa hiyo, na tangu mtandao uliporudi anatuma sauti peke yake, ambayo ni nyepesi. Tutaendelea hivyo hata mtandao ukiwa mzima. Bando na kadi 45,000.

9 Juni 2024: Macho, na onesho la majaribio

Macho ya mbuzi yana mboni iliyolala, kama tundu la kutumbukizia sarafu. Lenzi za urembo za bei rahisi tulizikataa, jicho la mtu si la kuchezea bila daktari wa macho. Kubandika mboni kwa kompyuta, kwenye programu iitwayo Blender, kulikubali uso ukiwa umetulia. Chande akigeuka kidogo mboni inachelewa kumfuata, na hofu yote inakuwa katuni. Tulikaa na sini moja mpaka laputopu ikaanza kunuka.

Suluhisho lilikuwa kukata picha tu. Uso wa Chande, macho yamefumba. Anaanza kufumbua. Kata. Jicho la mbuzi wa kweli, limejaza fremu, limepigwa na lenzi ya karibu siku ileile ya gereji. Kata. Chande kwa nyuma, pembe. Hakuna aliyewahi kutuuliza tulifanyaje, wote wanaamini waliona jicho lake.

Tulionesha kwa majirani na madenti kadhaa uani, kwenye shuka. Upasuaji ulichekwa, tena sana, na dada wa mekapu alinuna mpaka mama wa kaimati alipotapika kidogo. Walipokaa kimya ni kwenye sini tuliyodhani ni ya kupumzisha: Chande kwenye foleni ya mikopo, amefika dirishani, anaambiwa jina halimo, arudi Jumatatu. Anaitazama fomu yake. Anaikunja. Anaanza kuila pale dirishani, bila hasira. Kijana mmoja nyuma alisema "dah" na hakuna aliyemcheka. Tumeongeza sekunde tisa kwenye picha hiyo na kuondoa muziki wote. Tumefuta pia mzaha wa redio uliofuata, japo tuliupenda.

29 Juni 2024: Hesabu

Jumatatu iliyopita tulikwenda Kariakoo kutafuta diski ya kuhifadhia tukakuta maduka yamefungwa, wafanyabiashara wamegoma. Diski imesubiri, na ikinunuliwa itaingia kwenye hesabu ya uhariri. Mengine yamefungwa hivi, bila ada za kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho tulikiomba kabla ya kamera kuwashwa:

Damu 35,000. Makovu pamoja na jelatini iliyoteremka 64,000. Taa ya dishi na betri 59,000. Pembe 6,000. Utumbo 20,000. Mbuzi na kirikuu 100,000. Lokesheni 150,000. Kukodi lenzi na maiki 200,000. Bando na kadi 45,000. Nauli 180,000. Posho za waigizaji 240,000. Chakula cha kundi 310,000. Jumla shilingi 1,409,000, wakati bajeti ilikuwa 900,000.

Angalia mstari mkubwa kuliko yote ni upi. Filamu ni ya kijana aliyepasuliwa ili aache kununua chakula, na sisi wali maharage umetushinda kuliko kamera. Ukipanga yako, anza na sufuria, halafu ndiyo uulize bei ya lenzi.

Kilichobaki: rangi za mwisho, maandishi ya Kiingereza chini ya picha kwa ajili ya matamasha, kisha kuipeleka Bodi ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri. Pembe, kitambaa cha kijani na dishi vipo gereji. Anayetaka kuazima aje na barua ya kundi lake, na dishi lirudi na balbu zake sita.